Kongole kwa Mchimba Mashimo

Farasi amesifiwa, ngamia amesifiwa, hata paka amepata watunzi wake. Mimi leo namsifu sungura mwitu wa Ulaya, yule mwenye mkia mweupe anayetoboa viwanja vya kambi huko Uingereza, anayetafuna ngano ya mkulima na kumwaga vigololi vya mavi mlangoni pa hema. Namsifu kwa moyo mkunjufu, ingawa kifundo changu cha mguu wa kushoto hakijaafiki.

Tusichanganye ndugu. Sungura wetu wa porini, yule mjanja wa hadithi, si mchimbaji. Huzaa juu ya ardhi, na watoto wake hutoka wakiwa na manyoya na macho wazi, kana kwamba wameshapewa habari za fisi. Ninayemsifu ni asili ya yule tunayemfuga bandani. Watoto wake huzaliwa shimoni, uchi na vipofu. Mama huenda kuwanyonyesha mara moja kwa siku, dakika chache tu, kisha hufukia mlango na kwenda zake. Mimba ni mwezi mmoja, na anaweza kushika nyingine siku ileile aliyojifungua. Kwa bidii ya namna hiyo, nani atamwita mvivu?

Ukoo wake ni wa Hispania. Inasimuliwa kwamba mabaharia wa kale wa Kifoinike walipofika huko walimwona wakadhani ni pimbi wa kwao, wakaiita nchi kwa jina la pimbi, na kwamba jina hilo ndilo Hispania ya leo. Sina hakika kama Wahispania hupenda kukumbushwa. Pliny, mwandishi wa Roma, ameandika kwamba watu wa visiwa vya Baleari, karibu na Hispania, walimwomba Kaisari Augusto askari wa kupigana na sungura. Hebu niambie ni mnyama gani mwingine wa kilo mbili aliyewahi kuombewa jeshi.

Uingereza hakwenda mwenyewe. Wanormani kutoka Ufaransa walimpeleka karne ya 12, naye akalelewa kama bwana harusi: akajengewa matuta ya udongo laini ili asichoke kuchimba, akawekewa mlinzi, nyama yake ikawa ya wakubwa na ngozi yake ya makoti. Alipotoroka na kujitafutia mwenyewe, ndipo akaitwa mharibifu. Australia nako, mwaka 1859, tajiri Thomas Austin aliachia sungura wachache shambani kwake Victoria apate cha kuwinda. Alipata. Miaka hamsini haikupita, serikali ya jimbo la Australia Magharibi ikawa imejenga uzio wa zaidi ya kilomita 1,800 kuwazuia wajukuu wao, na kabla fundi hajamaliza kazi, sungura walikuwa wameshavuka.

Na jina lake lina uzito. Katika kisiwa cha Portland, kusini mwa Uingereza, wachimba mawe wa zamani walimwona kuwa nuksi, maana mashimo yake yaliponza kuta za machimbo. Hawakumtaja, kama sisi tunavyokwepa kumtaja nyoka usiku. Mwaka 2005 ilipotoka filamu ya vibonzo ya Wallace na Gromit yenye neno la Kiingereza la sungura katika jina lake, mabango ya kisiwani humo yaliandikwa bila hilo neno.

Basi mwanadamu, aliyeshindwa kwa uzio na bunduki, akatumia maradhi. Mwaka 1952 daktari mstaafu wa Ufaransa, Armand-Delille, aliwaambukiza sungura wawili virusi vya miksomatosi ili asafishe shamba lake lenye ukuta. Virusi havikuuona ukuta. Mwaka uliofuata vilikuwa Uingereza, na kufikia 1955 karibu sungura wote wa huko walikuwa wamekufa, vichwa vimevimba, macho yamefumba. Daktari alitozwa faini. Baadaye akapewa medali ya dhahabu yenye sura yake upande mmoja na sungura mfu upande wa pili.

Hapo ndipo sifa za marehemu zilipoanza kuonekana. Kuna kipepeo mkubwa wa buluu ambaye kiwavi wake hubebwa na sisimizi wekundu mpaka kichuguuni, wakimdhania mtoto wao, naye akiwa ndani huwala watoto wao. Sisimizi hao wanataka udongo wenye joto, na udongo hupata joto pale nyasi zinapokuwa fupi. Mkata nyasi alikuwa nani? Alipokufa, nyasi zikapanda, udongo ukapoa, sisimizi hao wakapungua, na mwaka 1979 kipepeo akatangazwa kutoweka Uingereza. Ilibidi waagizwe wengine kutoka Sweden, na ng'ombe wapewe kazi ya sungura, kazi ambayo yeye aliifanya bure huku akitukanwa.

Sungura alijikongoja akarudi. Kisha ukaja ugonjwa mwingine wa kuvuja damu ndani ya mwili, ulioonekana kwanza China mwaka 1984, na aina yake mpya ikazuka Ufaransa mwaka 2010. Wahesabu ndege wa kujitolea wa Uingereza, ambao huhesabu na wanyama njiani, waliona sungura wakipungua kwa asilimia 64 kati ya 1996 na 2018. Huko Brecks, kwenye nyika za mchanga za Norfolk na Suffolk, wahifadhi wamekuwa wakimrundikia matawi na kumwinulia kingo za udongo apate pa kujificha. Ni yale matuta ya Wanormani yamerudi. Lakini sheria ya wadudu na wanyama waharibifu ya mwaka 1954 ingali hai, na karibu Uingereza na Wales nzima mwenye ardhi anatakiwa kumdhibiti. Mkono mmoja unatandika kitanda, mwingine umeshika rungu.

Mara yangu ya kwanza kulala kambini Norfolk ilikuwa kiangazi, jua likigoma kuzama hata saa tatu usiku. Nilihesabu sungura arobaini na kitu karibu na mabomba ya maji, kisha nikaenda chooni bila tochi, na kifundo kikakutana na kazi yao. Mwenye kambi aliniletea barafu na matusi. Barafu yangu, matusi yao.

Nilirudi baada ya miaka mingi. Nyasi zilifika magotini na mashimo yalikuwa yamejaa majani makavu. Mzee yuleyule, sasa mpole, aliwaomba wageni wote: ukimwona sungura, njoo uniambie ni upande gani. Asubuhi ya pili tulimwona mmoja nyuma ya uzio, amesimama kwa miguu miwili, anasikiliza.

Hatukusema. Bunduki ilikuwa bado inaning'inia nyuma ya mlango wa ofisi.