Jinsi ya Kuuza Makaa Yasiyochomwa

Unataka kutajirika kwa kutia kompyuta ndogo ndani ya kila kitu: friji, kitasa, mita ya gesi, mizani ya duka? Wenye suti watakupeleka California, alikokuwa Mark Weiser wa Xerox PARC, mwasisi wa fikra hiyo mwaka 1988. Okoa nauli. Panda basi hadi Handsworth, mtaa wa Birmingham, Uingereza, ushuke Soho Road, na ukipotea jaribu kuuliza kwa Kiswahili. Wapo Wahindi waliotoka Kenya na Uganda, huenda ukajibiwa.

Tafuta Soho House. Hapo aliishi Matthew Boulton, mwenye viwanda na mshirika wa James Watt wa injini ya mvuke, na hapo ndipo pa kusomea biashara hii.

Kwanza, usiuze mashine. Wenye migodi ya Cornwall waligharamia vyuma na mafundi wenyewe. Boulton na Watt wakawatoza theluthi moja ya thamani ya makaa yaliyookolewa, kwa kulinganisha na injini ya zamani ya Newcomen. Soma tena polepole: mteja analipia makaa ambayo hakuyachoma, katika mashine ambayo hanayo. Gharama za ghala, sifuri.

Pili, hesabu. Kwenye boriti ya injini kilifungwa kisanduku kilichohesabu kila pigo. Kilikuwa na kufuli, na ufunguo haukuwa wa mteja. Nawe fanya hivyo hivyo. Ila Watt alihitaji mtu wa kwenda kusoma tarakimu; wewe tia laini ya simu. Kampuni ya M-KOPA ya Kenya imefanya hivyo kwenye mitambo ya sola: usipolipa, umeme unazimwa kutoka mbali. Mzee Watt angelia wivu.

Tatu, uwe na Bunge. Hataza ya Watt ya 1769 iliongezewa muda kwa sheria ya 1775 hadi 1800, kwa hiyo watu wa Cornwall waliweza kununa, hata kugoma kulipa, lakini pa kukimbilia hapakuwapo.

Hapo tu ndipo penye hatari. Hataza ilipokwisha, watu wa Cornwall wakaanza kujipimia. Tangu 1811, ripoti ya kila mwezi ya Joel Lean, msimamizi wa migodi, ilichapisha kazi ya injini za migodini na makaa ziliyotumia, mafundi wakasoma, wakaigana, na injini zikazidi kubana makaa bila mtu kuletewa ankara ya theluthi. Kwa hiyo kwenye mkataba wako, kule kwenye herufi ndogo, mpige mteja marufuku kumwonyesha jirani tarakimu zake.