Katika Kuisifu Kompyuta Goigoi

Washairi wa mwambao wetu wamesifu majahazi, mashekhe na masultani, wala sijasikia hata mmoja aliyeinua kalamu kwa ajili ya kompyuta kuukuu ya mtumba, ile ambayo mtu huiwasha, akaenda kutia udhu na kusali sunna zake, ndipo ikaonyesha dalili ya uhai; na dhulma hii, mimi mkazi wa Kaole, jirani wa magofu ya misikiti ya kale, ambaye kwa hiyo sina haki ya kudharau kilichochakaa, nimeazimia kuiondoa.

Fadhila yake kubwa ni nasaha. Kijana atakaye kuanza michezo ya kujenga viwanda, au ile ya mafumbo ya kuandika programu, akiwa na mashine yenye nguvu, maskini, yambidi aichungue yote, na mwezi ukaandama na kuandama tena hali hajajenga hata tanuri moja. Goigoi yamwondolea mashaka hayo. Satisfactory, kazi ya Waswidi iliyokamilika mwaka 2024, ambamo mchezaji hutembea ndani ya kiwanda chake, huikataa katakata, feni ikinguruma kama mashine ya kukoboa mpunga. Factorio ya mafundi wa Prague, wasioipunguza bei hata siku za sikukuu, huikubali kwa masharti: kiwanda kikiwa kidogo mikanda yaenda, kikitanuka, kila kitu, hata wadudu wanaokuja kukivamia, huenda kwa staha.

Basi humwelekeza mwanagenzi kwenye Human Resource Machine ya mwaka 2015, ambamo karani mdogo hutoa vifurushi mkanda huu na kuvipeleka ule kwa amri chache, na hapana mlango mwepesi kuliko huo. Kisha TIS-100 ya mwaka huo huo, isiyo na mapambo wala mwalimu, ila kijitabu cha kurasa 14 ambacho ni bora ukakichapishe steshenari, Bagamoyo mjini. Humo mna kompyuta ya kubuni, yenye vyumba 12, vingine vibovu. Chumba kizima hakipokei zaidi ya mistari 15 ya amri, hakijui namba iliyopita 999, na kikitaka kumpa jirani neno hungoja hadi jirani awe tayari kulipokea. Hapo ndipo mashine yangu, iliyotwezwa na wote, ilipokutana na iliyo dhaifu kuliko yenyewe, ikaitumikia kwa heshima, feni imelala.

Umeme ukikatika nayo huzimika papo hapo, kwani betri yake ilifariki zamani. Wengine waona aibu, lakini amri za TIS-100 huandikika kwa kalamu ya risasi barazani, na mafumbo yangu magumu mno niliyafumbua wakati wa mgawo.

Fundi mmoja alijitolea kuiongezea memori kwa bei ya kirafiki, ipate kuiweza Satisfactory. Nimemshukuru, nikamwomba asiiguse.