Mchawi Haonekani, Taulo Linaonekana
Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ulioanza Marekani 1974, toleo la tano linasema anayetaka kukatiza uchawi lazima amwone mchawi, tena ndani ya futi 60. Maskini, waandishi wake hawajafika Uwanja wa Karume, Musoma. Shabiki aliyetoka Bunda na Hiace ya alfajiri hahitaji kumwona mtu: ameliona taulo la kipa limetundikwa wavuni, yatosha kushuku uchawi. Linanyakuliwa, ngumi zinafuata, refa anatazama saa. Timu ikiruka ukuta kukwepa mlango rasmi kwa hofu ya uchawi, hupigwa faini. Sheria ya Uchawi ya Tanzania nayo ipo tangu 1928. Shahidi wake, nadhani, bado yuko njiani kutoka Butiama, juu ya fisi.