Sifa za Mdudu Mzalendo

Wengi wamepewa nishani za uzalendo huku wamevaa suti za ng'ambo. Mimi leo namsifu mzalendo asiyevaa chochote: mdudu anayenimalizia mboga.

Mdudu mla majani ana sifa tele. Huamka mapema, hapigi kelele, hadai posho. Lakini hizo ni ndogo mbele ya uzalendo wake.

Njoo bustanini kwangu, hapa Arusha. Kunde, ambazo asili yake ni Afrika hii hii, zimefunikwa na vidukari. Majani ya mgagani yamekuwa kama chujio la chai. Hatua chache tu, kando ya njia, gugu karoti kutoka Amerika limechanua maua meupe, halina tundu hata moja. Nyuma yake imejitanda lantana, nayo Mmarekani, yenye afya tele. Mdudu wangu hupita hapo bila kugeuza shingo. Vya kigeni hagusi! Babu yake alikula mgagani, baba yake alikula mgagani, na yeye atazikwa na mgagani tumboni. Hahitaji kuhubiriwa kwenye maonyesho ya Sabasaba kwamba anunue bidhaa za nyumbani. Hotuba zote za viwanda vyetu zimepata mtekelezaji mmoja, naye ana miguu sita.

Wataalamu wanalieleza jambo hili bila mbwembwe. Mmea ukihama huwaacha kwao wadudu walioujua, na wadudu wa huku matumbo yao hayajazoea sumu zake. Kwa hiyo mmea wetu hulipa kodi ya majani kila siku, wakati mgeni anastawi kwa msamaha wa kodi. Mpango huu tumeusikia kwingine.

Hata wadudu wa kigeni wanakumbuka kwao. Kiwavijeshi vamizi alionekana Afrika Magharibi mwaka 2016, mwaka uliofuata akatufikia, na akakimbilia hasa mahindi, ndugu yake wa Amerika. Na magugu maji yalipofunika sehemu za Ziwa Victoria, ilibidi mbawakavu wa Neochetina, wenyeji wa huko huko yalikotoka, Amerika Kusini, waachiliwe ziwani kuanzia 1995. Walitafuna, mvua na mawimbi ya El Niño vikasaidia, na magugu yakapungua sana. Yamekuwa yakirudi, kwa kuwa maji machafu ya miji yetu yanayalisha bila kuchoka. Msaliti ninayemjua ni mmoja: mdudu aliyepelekwa Uganda kula lantana, ambaye miaka ya 1960 alikutwa kwenye ufuta.

Lakini basi, tuache utani. Gugu karoti huwasha ngozi, hukaba malisho, na ng'ombe akilila maziwa yake huwa machungu. Lantana ina sumu inayoharibu ini la mifugo. Nani alileta lantana na magugu maji? Watu, kwa kupenda maua. Kule Baringo, Kenya, mti wa kigeni uitwao mathenge ulipandwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na mradi wenye nia njema na wafadhili. Zaidi ya miaka ishirini baadaye wanakijiji waliishtaki serikali, na mbuzi aliyeharibiwa meno na maganda matamu ya mti huo akapelekwa Nairobi kama kielelezo. Hakuna mdudu aliyesaini hati za mradi ule.

Nami nilipopeleka habari za gugu karoti kwenye ofisi moja ya umma, nilijibiwa kwamba fungu halijatoka. Lilipotoka, vijana wakaja na mafyekeo wakati maua yameshakomaa, wakatandaza mbegu barabara nzima, wakapigwa picha.

Kwa hiyo, waheshimiwa: gugu karoti hung'olewa na mizizi yake kabla halijachanua, na anayeling'oa avae glavu. Mmea mmoja unaweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Nanyi wauza miche wa kando ya barabara, acheni kutuuzia lantana.