Namna ya Kusafiri Bila Kufiwa

Kabla ya kukata tiketi, jiandae kwa swali moja. Ukionekana stendi ya Nachingwea alfajiri ukiwa na begi na watoto wamevaa nguo za Idi, jirani atashika kifua: "Mwenzangu, kuna nini? Nani?" Usimkasirikie. Kwetu huku, Nachingwea mpaka Ruangwa, basi hupandwa kwa mambo matatu: msiba, harusi na kumpeleka mgonjwa hospitali ya Ndanda. Mjibu taratibu: "Hakuna kitu. Tunakwenda kupumzika." Halafu rudia, maana mara ya kwanza hatakuamini.

Mama yangu alifika Lindi mara nne, na mara zote nne alikuwa anakwenda kuzika. Bahari aliiona kwa dirisha la basi, kichwa kimefunikwa khanga. Nilipolijua hilo niliona aibu, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiwahubiria watu wa kwetu jambo hili moja: tusafiri na sisi, tukiwa wazima, bila ya kuitwa na mtu.

Anza kwa kuaga. Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo neno la mjomba lina uzito. Mwendee jioni, siku kadhaa kabla, na kilo ya sukari mkononi. Atakuuliza unakwenda kwa nani. Usimtungie shemeji wa uongo. Mwambie, "Mjomba, nakwenda kutembea na watoto, nikawaonyeshe nchi." Atanyamaza kidogo, kisha atakuagiza samaki mkavu. Hiyo ndiyo ruhusa.

Sasa hela. Korosho zinaanza kuvunwa mwishoni mwa mwaka, zinapita chama cha msingi (AMCOS), zinaingia ghalani, chama kikuu cha ushirika cha RUNALI kinaitisha mnada, na fedha inaingia akaunti. Siku hiyo hiyo, kabla hujanunua bati hata moja, toa nauli uiweke kando. Na ninakuomba kwa dhati, usiuze kangomba ili upate nauli. Ukimpimia mlanguzi korosho kwa bakuli zikiwa bado juu ya mti, hiyo safari utailipia msimu mzima. Mwenye ufuta ana nafasi nzuri zaidi, kwa sababu ufuta huuzwa katikati ya mwaka, vumbi limetawala lakini hakuna tope, na huko juu baridi imeshika.

Huko juu ni Newala. Wamalaysia wana Cameron Highlands kwa baridi na chai, halafu wana Langkawi kwa ufukwe, na hupanda na kushuka katika likizo moja. Sisi tuna Newala na Kilwa, na kote kunafikika kwa basi. Pitia Masasi, kisha panda uwanda wa Makonde. Beba sweta, wageni kutoka Nachingwea huchekwa kwa kutetemeka mwezi wa saba. Beba na adabu ya maji pia. Juu ya uwanda ule hakuna mito, na kwa vizazi vingi wanawake waliteremka mabondeni na kupanda tena na vyungu kichwani. Mwenyeji akikuwekea ndoo ya kuoga, jua amekupa kitu kikubwa. Oga kwa kopo.

Asubuhi nenda Shimo la Mungu. Usiende mbio. Ardhi inakatika miguuni pako, bonde linafunguka, na kule mbali ni Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Hapo waketishe watoto uwaambie kwamba vijana wa FRELIMO walifunzwa vita kwetu, Nachingwea, kuanzia miaka ya 1960, kisha wakauvuka mto ule kwenda kuikomboa nchi yao. Msumbiji ilipata uhuru mwaka 1975. Mtoto wa Nachingwea asiyejua hili anatembea juu ya utajiri asiouona.

Kisha teremka pwani. Reli isikusumbue: ile ya Waingereza, iliyojengwa kwa ajili ya karanga zao katika mpango ulioanza 1947 na kufa 1951, iling'olewa zamani. Panda basi upite Mnazi Mmoja na Lindi, ushuke Nangurukuru, uchukue gari la Kilwa Masoko. Lakini Kilwa Kivinje usiiruke. Misafara ya watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa iliishia pale, na waliofungwa minyororo walikuwa watu wa bara kama sisi. Pale ndipo alipo Mwembe Kinyonga, ambapo Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya, aliyepinga utawala wao, mwaka 1895. Mapumziko hayaharibiki kwa kusimama kimya dakika chache.

Ukifika Masoko, chukua kibali cha kuingia magofuni, patana na nahodha bei ya kwenda na kurudi kabla hujaingia mashuani, na uvuke kwenda Kilwa Kisiwani. Ni mwendo mfupi. Mawimbi yakikutisha, mtazame nahodha, utaona anapiga soga. Msafiri Ibn Battuta alifika hapa 1331 akausifu mji. Ingia Msikiti Mkuu, inua macho kwenye kuba. Sarafu za shaba zilizofuliwa katika kisiwa hiki ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Fikiria: senti ya Kilwa imefika Australia, na mtu wa Ruangwa hajafika Kilwa.

Magofu yakiisha, teremka ufukweni. Vua viatu. Usisimame kwenye mchanga ukipiga picha za watu wengine; ingia mwenyewe, maji yafike magotini, na ukae humo mpaka nahodha aite mara ya pili.

Mama nilimleta hapo akiwa mzee. Alikunja khanga, akaingia polepole akinishika mkono, kisha akauachia. Alisimama kitambo kirefu akiyatazama maji yanavyokuja na kurudi. Aligeuka akaniuliza kwa sauti ndogo, kama kweli hakuna aliyefariki. Nikamwambia hakuna, mama. Akasogea mbele hatua moja zaidi.