Barua ya Wazi kwa Wakala Asiyetaja Bei

Kwa Mkurugenzi wa Mauzo,
Wakala wa Pikipiki za Motokrosi,
Nairobi.

Bwana Mkurugenzi,

KUH: SHUKRANI KWA KUTULINDA DHIDI YA BEI

Salamu kutoka uwanja wa Jamhuri Park, ambako vumbi lipo, vijana wapo, na pikipiki mlizotuuzia zimeegeshwa zikingoja spea.

Naandika kuwashukuru. Huko Marekani hawana haya hata kidogo. Honda ilitangaza pikipiki yake ya motokrosi, CRF250R ya mwaka 2024, kuwa dola 8,299, mchana kweupe, mbele ya watoto. Mnunuzi wa huko akifika dukani huongezewa gharama ya usafirishaji na ya kuunganisha, naye hunung'unika, lakini anajua alipoanzia. Uingereza ndiko walikozidi: bei hutajwa VAT ya asilimia 20 ikiwa tayari imo ndani. Ninyi mmelelewa vizuri. Mliandika, "Bei njoo inboksi." Nikaja. Nikaulizwa naishi mtaa gani, nafanya kazi wapi, na kama pikipiki ni yangu au ya mtoto. Nilipomaliza kujieleza, bei nayo ilikuwa imeshanipima kiuno.

Nilipouliza mbona imepanda hivyo, nilijibiwa neno moja: ushuru. Basi tupige hesabu pamoja. Pikipiki yenye thamani ya shilingi 1,000,000 ikitua Mombasa, ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, asilimia 25, unachukua 250,000. Kuna ushuru wa bidhaa wa elfu kumi na kitu. VAT ya asilimia 16 inakaa juu ya jumla hiyo yote. Zipo tena tozo ya tamko la uagizaji na ile ya reli, asilimia 2.5 na 2. Jumla ya makato ni kama nusu milioni. Ni mengi, wala sitawatetea wanaoyakata. Lakini nimeweza kuyahesabu kwa sababu KRA, mamlaka ya mapato ambayo hakuna aliyewahi kuisingizia huruma, huchapisha viwango vyake. Baina ya hesabu yao na bei mliyoninong'oneza pana masafa ambayo CRF yenyewe ingeyakata kwa gia ya tano.

Tuje kwenye huduma baada ya mauzo. Kitabu cha CRF250R kinataka pistoni na pete zake zibadilishwe kila baada ya mashindano sita, au saa 15 hivi. Anayefanya mazoezi kila wikendi hafiki mbali kabla saa hizo hazijaisha. Kwenu utaratibu ni rahisi: lipa kwanza, spea itakuja ikipenda. Kwa hiyo tumejiundia idara yetu wenyewe. Meneja wake ni shangazi anayerudi kutoka Dubai, msaidizi wake ni binamu aliye Johannesburg, na ghala ni soksi ndani ya sanduku la nguo. Idara hii haina shoruumu wala sare, ila hutaja bei kabla ya kupokea pesa.

Nasikia Tennessee, kwenye mashindano ya taifa ya wasio wa kulipwa yanayofanyika shambani kwa hayati Loretta Lynn, mwimbaji, tangu 1982, watengenezaji hupeleka malori ya spea hadi kando ya uwanja. Yamaha ina mpango wa kuwazawadia vijana wanaoshinda kwa pikipiki zake. Kwenye mashindano ya hapa kwetu nanyi hamkukosa. Bango lenu lilifika mapema kuliko waendeshaji na likafungwa kwa kamba imara. Tulilikagua mbele na nyuma. Halikuwa na pete za pistoni.

Najua jibu lenu: soko ni dogo. Nendeni basi senta yoyote, Kitale au Garissa, mkaulize plagi ya Boxer, pikipiki ya boda, saa tatu usiku. Mtaipata, pamoja na cheni, waya wa klachi na fundi wa kuifunga. Bajaj, wanaoiunda Boxer hiyo, ndio walionunua hisa katika KTM ya Austria mwaka 2007, kisha wakaja kuinusuru ilipozama kwenye madeni mwishoni mwa 2024. Mtu wa boda hanunui pikipiki ambayo waya wake haupatikani, na aliyezitaka pesa zake alilielewa hilo. Hatudai duka la motokrosi Garissa. Sisi ni wachache, kweli. Lakini kila anayeegesha pikipiki miezi mitatu kwa kukosa gasketi huwaonya wenzake watano, halafu ninyi mnahesabu waliobaki na kuiita hesabu hiyo utafiti wa soko.

Maombi yetu ni matatu. Bei ibandikwe ukutani. Pistoni, pete, gasketi, sahani za klachi na filta ya hewa za kila modeli mnayouza ziwepo rafuni. Na kabla ya kupokea pesa ya spea, tuandikieni tarehe itakapofika.

Mkikataa, hatutaandamana. Tutaendelea kununua pikipiki za wageni wanaomaliza mikataba yao na kurudi makwao. Wao huandika bei kwenye tangazo.

Wako mvumilivu,
Mteja wa Inboksi

Nakala: KRA, kwa taarifa tu. Ninyi angalau tunajua mnachotutoza.