Mwongozo kwa Anayetaka Kumwokoa Mdudu wa Malaria

Kama unaishi Korogwe au Handeni na ungependa mdudu wa malaria aishi maisha marefu, kikwazo chako ni boksi la dawa ya mseto. Mtu mzima hupewa vidonge 24 vya njano, avimeze vinne vinne, mara 6 ndani ya siku 3. Kila kidonge kina miligramu 20 za atemetha na 120 za lumefantrini. Kuzishinda dawa mbili kwa mpigo si kazi ndogo, lakini hesabu za kemia zitakuonyesha pa kupita.

Anzia tumboni: meza kwa maji, bila chakula. Lumefantrini karibu haiyeyuki kabisa katika maji; kwenye mafuta ndiko inakoyeyuka. Watu wenye afya walipoimeza pamoja na mlo wa mafuta, iliyofika damuni ilikuwa mara 16 ya ile ya tumbo tupu. Kwa hiyo kaa mbali na chapati za stendi ya Korogwe, mchuzi wa nazi, na hasa maziwa ya wafugaji wa Handeni. Inauma kuona mgonjwa akinyimwa maziwa eti yanaua nguvu ya dawa. Kwa mseto ni kinyume kabisa: kikombe kimoja kinamsaidia mgonjwa, si mdudu.

Kisha vuruga saa. Atemetha inapiga haraka na kuondoka haraka. Kila baada ya saa 2 hivi, nusu yake imekwisha damuni. Ukimeza saa 2 asubuhi, ifikapo saa 10 jioni imegawanyika nusu mara 4, imebaki sehemu moja ya 16. Ndiyo maana dozi ya pili ni baada ya saa 8. Ukiisogeza hadi saa 2 usiku, inakuta imebaki sehemu moja ya 64, na mdudu ameshapumua.

Homa ikishuka, acha dawa. Hapa ndipo wengi humsaidia mdudu bila kujua, na chanzo chake kinaeleweka. Kuanzia 2001 hadi 2006 dawa yetu ya chaguo la kwanza kwa malaria ilikuwa SP, vidonge 3 vya mara moja, basi. Mazoea yale hayajatutoka.

Fanya hesabu mwenyewe. Tuseme mgonjwa ana wadudu bilioni 100. Mzunguko wa mdudu ndani ya damu ni saa 48, na dawa za jamii ya atemetha hupunguza idadi yao kwa takriban mara 10,000 katika kila mzunguko. Baada ya mzunguko wa kwanza wamebaki milioni 10. Homa imeshuka, mgonjwa anapalilia mahindi, vidonge vilivyobaki vimefichwa kabatini kwa ajili ya homa ijayo. Lakini wadudu walioachwa huweza kuongezeka mara 10 kila siku mbili: milioni 100, bilioni 1, bilioni 10, bilioni 100. Siku 8 tu, wamerudi walipokuwa. Angemaliza dozi, mzunguko wa pili ungebakiza kama 1,000, na lumefantrini, ambayo hukaa damuni siku kadhaa, ingewafagia.

Korogwe wanajua thamani ya kupambana na mdudu huyu. Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) wako pale, na watoto wa wilaya hiyo walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S yaliyoanza 2009. Huko Kagera wameshathibitishwa wadudu wanaochelewa kufa kwa dawa za jamii ya atemetha. Hatuna dawa ya kuchezea.

Kwa hiyo mama, baba, dada mwenye duka la dawa: andikeni juu ya boksi saa 0, 8, 24, 36, 48, 60. Mpeni mgonjwa maziwa au chakula chenye mafuta kila anapomeza. Akitapika kila kitu, akipata degedege au akipoteza fahamu, msingoje dozi inayofuata. Mkimbizeni kituo cha afya saa hiyo hiyo.